Kamera ya Usaili wa Muziki Huchaguliwa kwa Sikio

Mzazi au mwalimu anayetafuta kamera ya kumrekodi mwanafunzi wa muziki huingia dukani na maswali ya picha. Ni 4K? Ina megapikseli ngapi? Inavuta umbali gani? Muuzaji naye hujibu hayo hayo, maana ndiyo yaliyoandikwa kwenye boksi. Lakini mtahini atakayeifungua video hiyo, awe London au Nairobi, hatoi alama kwa uangavu wa picha. Anatoa alama kwa alichokisikia. Picha ni ushahidi tu: kwamba anayepiga ni huyu, kwamba mikono ni yake, kwamba hakuna kilichokatwa wala kuungwa. Ndiyo maana nasema kamera ya usaili ichaguliwe kwa sikio kwanza, jicho lije baadaye. Na sifa ya kwanza ya kutafuta katika kifaa chochote ni hii: je, kinakuruhusu upange kiwango cha sauti kwa mkono wako, au kinajiamulia chenyewe?

Mtahini anasikiliza nini

Mwaka 2020, vyumba vya mitihani vilipofungwa kwa sababu ya Uviko-19, bodi ya ABRSM ya London ilianzisha mitihani ya vitendo inayofanywa kwa video. Trinity College London nayo ikaleta ya kwake ya kidijitali. Janga lilipopungua, njia hiyo ilibaki wazi, na leo mwanafunzi wa Mombasa, Kampala au Dar es Salaam anaweza kufanya mtihani wa piano au fidla bila kumsubiri mtahini ashuke uwanja wa ndege. Vyuo vingi vya muziki vya nje navyo hufanya hatua ya kwanza ya usaili kwa video, kabla ya kumwita mwombaji ana kwa ana.

Katika mtihani huo wa ABRSM mwanafunzi hupiga vipande vinne katika rekodi moja isiyokatwa wala kuhaririwa. Kila kipande kina alama 30, na alama 30 nyingine ni za onyesho zima kwa ujumla wake. Jumla ni 150, na wa kufaulu lazima afikishe 100. Vigezo vya kumpima ni vitano: usahihi wa noti, wakati, ubora wa sauti ya ala, umbo la muziki na uwasilishaji. Hebu tuvitazame cha tatu na cha nne. Ubora wa sauti na umbo la muziki vinakaa ndani ya kupanda na kushuka kwa sauti, katika tofauti kati ya upole na nguvu. Kifaa kinachofuta tofauti hiyo kinafuta alama za mtoto kabla mtahini hajabonyeza kitufe cha kusikiliza.

Na vifaa vinavyofuta ndivyo vilivyojaa mikononi mwetu. Simu nyingi, na kamera nyingi za kawaida, zina mtambo ndani unaojisawazishia sauti. Ulitengenezwa kwa ajili ya maongezi: mtu akinong'ona unapandisha, akipaza sauti unashusha, ili kila neno lisikike vizuri. Kwenye mahojiano ni msaada mkubwa. Kwenye muziki ni uharibifu.

Mchukue mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, anayeanza takasimu, utangulizi wa kubuni papo hapo. Kidole cha shahada cha kila mkono kimevaa pete iliyobana risha. Anagusa uzi wa juu kwa upole, anauacha ulie mpaka unyamaze, anagusa mwingine. Mtambo unaona sauti ni ndogo, unaiongeza; sasa pangaboi linasikika, na mtu anayesogeza kiti chumba cha pili naye anasikika. Ghafla mikono yote miwili inashuka pamoja kwenye nyuzi nene. Mtambo unafinya sauti papo hapo, na pigo lililopaswa kumshtua msikilizaji linatoka likiwa sawa na lile la mwanzo. Kisha mpigaji ananyamaza kwa makusudi, kimya ambacho nacho ni sehemu ya muziki, na ndani ya kimya hicho mvumo wa chumba unaanza kupanda polepole. Atakachosikia mtahini ni mwanafunzi asiyejua kutofautisha upole na nguvu. Hapatakuwa na mtu pembeni wa kumweleza kwamba kosa ni la kifaa.

Kipimo cha kofi

Dukani, iwe Kariakoo, Darajani au Luthuli Avenue, usikubali kuonyeshwa picha ya ukutani. Omba kifaa kiwashwe, uweke kadi yako, kisha ufanye jaribio dogo lisilozidi nusu dakika. Anza kurekodi ukizungumza kwa sauti ya chini. Piga kofi moja kali mbele ya maiki. Endelea kuzungumza kwa sauti ile ile ya chini. Halafu vaa hedifoni usikilize.

Ikiwa maneno ya baada ya kofi yanaanza yakiwa yamezama, kisha yanapanda taratibu mpaka kurudi yalipokuwa, mtambo wa kusawazisha unafanya kazi. Ingia kwenye menyu utafute pa kuuzima. Pakiwepo, rudia jaribio. Maneno ya kabla na baada ya kofi sasa yatoke sawasawa. Pasipokuwepo, mrudishie muuzaji kifaa chake hata kama picha yake ni ya kuvutia. Na kama kifaa hakina tundu la hedifoni, utajua umeharibu rekodi baada ya onyesho kwisha, wakati hakuna tena la kufanya.

Sikiliza pia kama kofi lenyewe limepasuka. Kofi lisikike kavu na kali. Likitoka na mkwaruzo, kiwango kilikuwa juu mno au maiki haihimili sauti kubwa. Kwa mpiga tarumbeta, mpiga dumbaki au kwaya yenye waimbaji wa sauti ya kwanza wenye nguvu, hilo si jambo la kupuuza: sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hakuna programu inayoirudisha ilivyokuwa.

Ugomvi wa umbali

Kamera yenye maiki ndani yake ina ugomvi usioisha. Picha inataka kifaa kirudi nyuma ili mwili mzima, ala na mikono vionekane. Sauti inataka kifaa kisogee mbele. Chanzo kikiwa kidogo na mahali pakiwa wazi, kila unapozidisha umbali mara mbili, sauti inayokuja moja kwa moja hupungua kwa desibeli 6 hivi. Lakini mwangwi wa chumba haupungui kwa kiasi hicho. Ukizidi kurudi nyuma unafika mahali ambapo maiki inasikia kuta kuliko inavyomsikia mpigaji. Kwenye kanisa lenye dari refu au ukumbi wa shule wenye sakafu ya saruji, mahali hapo hufika upesi.

Hapa ndipo kamera za kuvuta mbali zinapowapoteza wazazi. Unakaa safu ya mwisho, unavuta picha mpaka vidole vya mtoto vinajaa kioo, unaridhika. Lenzi imesogea, maiki imebaki kule kule nyuma ulikokaa, karibu na watu wanaokohoa na watoto wanaolia. Zaidi ya hayo, sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ukikaa mita 10 kutoka jukwaani, inakufikia ikiwa imechelewa karibu sehemu 30 za elfu za sekunde, na hiyo inakaribia fremu moja nzima ya video ya fremu 30 kwa sekunde. Ukikaa mita 20, kuchelewa kunakuwa mara mbili. Kwa macho ya mbali huoni kitu, lakini ukiwa umevuta picha mpaka kwenye vidole, piano inaanza kuonekana imeguswa kabla haijalia, na mtahini anayetazama kwa makini anaweza kujiuliza kama sauti hiyo ilibandikwa baadaye.

Dawa ya ugomvi huo ni lenzi pana. Kifaa chenye lenzi inayochukua eneo kubwa kinaweza kusimama mita mbili tu kutoka kwa mpiga fidla na bado kikamwona kuanzia kichwani hadi miguuni. Sauti imepata ukaribu wake, picha imepata upana wake. Lenzi pana ina kasoro moja: huvimbisha vitu vilivyo pembeni mwa picha. Mweke mpigaji katikati, usiiache shingo ya udi au mkono wa upinde ukaangukia ukingoni, na kasoro hiyo haitamsumbua mtu.

Vifaa vyenyewe

Kuna aina ya kamera zilizotengenezwa kwa ajili ya wanamuziki, na kampuni iliyoshikilia aina hii kwa muda mrefu ni Zoom ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1983. Msomaji asiichanganye na kampuni ya Marekani ya mikutano ya video. Ni majina tu yamegongana. Q2n-4K yao, iliyotoka mwaka 2019, ni kidude kinachoenea kiganjani. Lenzi yake haibadiliki na ni pana sana, nyuzi 150 kwa maelezo ya watengenezaji. Juu yake kuna maiki mbili zilizopishana kwa nyuzi 90. Hurekodi sauti ya WAV hadi biti 24 na kilohezi 96, kiwango cha sauti hupangwa kwa mkono, na hutumia betri mbili za AA au umeme wa USB.

Mpangilio huo wa maiki zilizopishana una faida ambayo haiandikwi kwenye boksi. Kwa kuwa vinywa vya maiki viko mahali pamoja, sauti huvifikia kwa wakati mmoja. Mtahini akisikiliza kwa spika moja ndogo ya kompyuta, pande mbili za kushoto na kulia zinajumlishwa bila kulana. Maiki zilizotenganishwa mbali hutoa sauti pana ya kupendeza kwenye hedifoni, lakini zikijumlishwa kwenye spika moja baadhi ya noti zinaweza kufifia.

Udhaifu wa Q2n-4K ni mwanga. Jicho lake ni dogo, na chumba chenye taa moja ya manjano kitatoa picha yenye chenga. Rekodi mchana karibu na dirisha, dirisha likiwa ubavuni mwa mpigaji na si nyuma yake, na tatizo limekwisha. Betri za AA nazo huisha haraka. Pawabenki ya kawaida inatosha kuondoa wasiwasi huo, hata umeme ukikatika.

Anayerekodi kikundi, kwa mfano fidla, kanuni, udi na mwimbaji kwa pamoja, au kwaya yenye kinanda, atafute ngazi ya juu kidogo: Q8n-4K ya mwaka 2021, yenye matundu mawili ya kuunganisha maiki za kitaalamu za waya. Hapo kamera inaweza kukaa panapofaa kwa picha huku maiki zikining'inia juu ya wapigaji, na vyote bado vinaingia katika faili moja. Sony nao walikuwa na HDR-MV1 ya mwaka 2013, yenye wazo lile lile. Haitengenezwi tena, ila ukiikuta kwa mtu ikiwa hai usiidharau. Picha yake ya kawaida na sauti yake isiyobanwa vinatosha kwa mtihani wowote niliouzungumzia hapa.

Kamera kubwa za lenzi za kubadilisha zina picha nzuri kuliko zote hizi, lakini nyingi zina maiki dhaifu ndani, kwa hiyo utaongeza gharama ya maiki ya nje. Miundo mingi ya zamani pia hujizima yenyewe kwenye dakika 29 na sekunde 59. Kwa kipande kimoja cha usaili si neno. Kwa onyesho la mwanafunzi la saa nzima, kamera inaweza kuzima katikati ya kipande kikubwa kuliko vyote. Uliza hilo kabla ya kulipa.

Na simu? Simu nzuri inaweza kufanya kazi hii ikiwa utainyang'anya uamuzi wa sauti. Unganisha maiki ya nje ya USB yenye kitasa chake cha kupunguza na kuongeza sauti, tumia programu ya kurekodi inayokuonyesha mita za sauti na kukuruhusu kufunga mwanga na fokasi. Blackmagic Camera ni ya bure na ipo kwa iPhone na kwa simu kadhaa za Android. Kisha fanya kipimo cha kofi, kwa sababu baadhi ya simu huendelea kusawazisha sauti hata maiki ya nje ikiwepo. Ikishinda kipimo, huna haja ya kununua kamera. Iweke katika hali ya ndege, isije simu ya shemeji ikakata kipande cha nne.

Kabla ya kubonyeza

Kifaa kizuri kikiwekwa vibaya hurekodi vibaya. Mwambie mwanafunzi apige sehemu yenye kelele kuliko zote, si mwanzo wa kipande, kisha panga kiwango hadi kilele cha mita kikae kati ya desibeli −12 na −6. Kilele kisiguse sifuri. Watu wengi huogopa kurekodi chini, lakini rekodi ya biti 24 ina nafasi ya kutosha. Mtahini ataongeza sauti kwenye spika zake, na ataupata upole ukiwa upole na nguvu ikiwa nguvu.

Zima pangaboi. Zima friji kama iko jirani, na usisahau kuiwasha tena. Paa la bati na mvua havipatani na usaili, kwa hiyo pwani usipange kurekodi wakati wa mvua za masika. Panga muda baina ya adhana mbili. Chumba chenye mwangwi mkali hutulizwa na mikeka sakafuni, magodoro nyuma ya kamera na mapazia mazito madirishani. Tumia stendi imara, na isikanyage ubao wa sakafu ule ule anaopigia mguu mwanafunzi, kwani mtetemo hupanda hadi kwenye maiki.

Ukubwa wa faili nao uutazame kwa akili. Sauti ya WAV ya biti 24 na kilohezi 48 hula kiasi cha megabaiti 17 kwa dakika. Ni kidogo sana. Kinachokula bando ni picha. Video ya kiwango cha 1080 inayorekodiwa kwa megabiti 24 kwa sekunde ni megabaiti 180 kwa dakika, na nusu saa yake ni gigabaiti 5 na ushei. Ile ya 4K kwa megabiti 100 ni megabaiti 750 kwa dakika, na nusu saa ni zaidi ya gigabaiti 22. Kuipandisha hiyo kwenye mtandao kwa bando la simu ni gharama na mateso, na haiongezi hata nusu alama. Rekodi 1080, sauti iwe bora kabisa. Usiitume video ya usaili kama video ya kawaida ya WhatsApp, maana hubanwa picha na sauti; itume kama hati, au ipandishe mahali ambapo bodi au chuo kimeelekeza. Soma masharti yao yote mapema, hasa yanayohusu kuhariri, kwa sababu sauti iliyorekodiwa pembeni na kuunganishwa baadaye inaweza kuhesabika kuwa uhariri.

Mashine isiamue muziki

Mwaka 1928 mwimbaji wa taarab Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi kwa ajili ya lebo ya HMV. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba takriban dakika tatu, na muziki ulilazimika kutosha humo. Mashine ndiyo iliyoweka mipaka, nao hawakuwa na chaguo. Sisi tunalo. Mwanafunzi wa Dhow Countries Music Academy pale Mji Mkongwe, aliyefundishwa kuiacha noti ya udi ife yenyewe hewani, ana haki ya kurekodiwa na kifaa kitakachoiacha ife. Mwanafunzi wa piano wa Nairobi aliyefanya mazoezi mwaka mzima ili apige kwa wepesi bila kupoteza noti, ana haki wepesi huo ufike London ukiwa wepesi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Mwenye simu nzuri aanze na maiki ya nje na stendi, afanye kipimo cha kofi. Simu ikishindwa, anunue kamera ndogo ya wanamuziki yenye lenzi pana na sauti ya kupangwa kwa mkono. Hiyo inatosha kwa mpigaji mmoja au wawili. Wenye kwaya na vikundi watafute yenye matundu ya maiki za kitaalamu. Pesa ya 4K na ya kuvuta mbali ibaki mfukoni.

Na kwa wakuu wa shule na vyuo vya muziki: si kila mzazi ataweza kununua hata kile kidogo. Nunueni kimoja cha chuo, mkipangie chumba tulivu, mumfunze mwalimu mmoja kukitumia, na kila mtahiniwa apate zamu yake bila malipo. Mtoto asishindwe mtihani wa muziki kwa sababu ya simu ya baba yake.